Ligeuzeni Upande wa Pili

Muuguzi alivuta shuka, akabonyeza godoro kwa vidole viwili kama mtu anayepima mkate kama umeiva. Unyevu ukapanda katikati ya vidole vyake. Hakuunusa. Hakukuwa na haja.

"Mama, huu mgongo hauwezi kupona," alimwambia mwenye nyumba. "Naosha kidonda, napaka dawa, nafunga vizuri, halafu mgonjwa namrudisha dimbwini. Ni sawa na kupiga deki na huku bomba linavuja."

"Sasa tufanyeje, dada?"

"Godoro jipya. Zito, lenye ngozi ya nailoni juu, lisilonyonya. Hili litoeni humu ndani. Hili ndilo linalomla."

Mwenye nyumba hakubisha, maana hilo alilijua kabla ya muuguzi. Alikuwa fundi wa makochi, na kibanda chake kilikuwa palepale mbele ya nyumba. Mtaani walimwita Mkasi, kwa ajili ya kazi yake, na wengine waliongeza, kwa ajili ya mdomo wake. Sponji alizijua ndani nje. Alijua kwamba sponji ikishakunywa mkojo haisahau. Utaianika juani, utaikuta nyepesi, kavu, haina neno. Kumbe imenyamaza tu. Akiikalia mtu, joto la mwili likiingia, inakumbuka yote na kuyasema.

Kitandani alikuwa mama mkwe wake. Kiharusi kilikuwa kimemwangusha mwaka uliotangulia, kikamwachia upande mmoja wa mwili na maneno machache aliyoyatoa kwa taabu, moja moja, kama mtu anayetoa miiba. Lakini akili ilikuwa yake yote. Aliposikia "hili ndilo linalomla" alifumba macho.

Muuguzi alipoondoka, Mkasi alimpigia simu mumewe. Mumewe alikuwa dereva wa lori la masafa, mtu wa kulala njiani, mpole kupita kiasi. Upole wake ulimfaa kila mtu isipokuwa mkewe.

"Ongea na dada," alisema. "Kodi ya vyumba vya mama si anakusanya yeye?"

"Nimeongea naye kuhusu pampasi, akaniambia nichane mashuka. Nimeongea naye kuhusu dawa ya kidonda, akaniambia chumvi. Safari hii ongea wewe. Mama ni wako, dada ni wako."

"Mke wangu, ninyi wanawake mtaelewana vizuri zaidi."

"Sawa," Mkasi akasema, akakata simu. "Tutaelewana."

*

Wifi yake alikaa mtaa wa pili, kwenye nyumba yenye geti na mapazia yaliyobadilishwa mara kwa mara. Mama mkwe hakuwa fukara. Kabla ya kuugua alikuwa amejenga vyumba vya kupangisha, na alipoanguka, huyu binti yake mkubwa aliichukua kodi "ili isipotee." Kweli haikupotea. Kila mtu aliona ilikokwenda: geti, mapazia, vigae vya kibarazani. Mtoto wa mwisho wa mama alikuwa ughaibuni. Yeye alichangia ujumbe wa sauti kila wiki, mrefu, wenye maombi na kwikwi mbili tatu.

Mkasi alikaribishwa jikoni. Sebuleni, aliambiwa, kulikuwa kumeshapigwa deki.

"Godoro?" Wifi aliuliza, akikata kucha. "Godoro gani tena? Lile si zima?"

"Limeoza, wifi. Mgongo wa mama umefunguka. Kidonda kinaingia ngumi."

"Eh! Usinitie kichefuchefu, mimi nina roho nyepesi. Ligeuzeni upande wa pili."

"Lilishageuzwa."

"Basi ligeuzeni tena."

Mkasi alimtazama kuona kama anatania. Hakuwa akitania.

"Wifi, kodi ya mwezi mmoja tu ya vyumba vyake inanunua godoro na chenji inabaki. Ni pesa yake mwenyewe. Haombi sadaka."

Wifi akaweka mkasi wa kucha mezani. "Hapo sasa ndipo ulipotaka kufika. Pesa ya mama. Tangu siku kaka yangu anakuleta nilisema, huyu ana jicho la tamaa. Wewe umeolewa, wifi. Umeolewa na mtoto, na mama yake yumo ndani. Hukulazimishwa. Mimi nina harusi ya binti yangu mbele yangu, wazazi wa kijana wanakuja kututazama tulivyo, halafu unaniletea habari za godoro la mgonjwa ambaye, Mungu anisamehe, hata halioni, amelilalia tu!"

Mfanyakazi wa ndani, aliyekuwa akiosha vyombo, aliinamisha kichwa zaidi kwenye karai.

"Nimekusikia," Mkasi alisema. Akanyanyuka. Njiani, mtu aliyemsalimia hakujibiwa, jambo ambalo halikuwahi kutokea, maana Mkasi alikuwa mtu wa salamu ndefu.

Jioni alimgeuza mama mkwe ubavuni, akatandika magunia yaliyofuliwa chini ya shuka. Yule mama alimtazama kwa jicho lake zima.

"Ka... kasema nini?"

"Kasema analishughulikia, mama."

Mama mkwe akacheka kwa upande mmoja wa mdomo. Huyo aliyemzaa alimjua. Na huyu aliyekuwa akimfuta alimjua pia; alikuwa amemtesa miaka mingi. Ndiye aliyesema siku ya kumpokea, "Nilimtuma mwanangu mke, ameniletea seremala." Ndiye aliyekuwa akipitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi mbele ya wageni. Mkasi hakuwa amesahau hata moja. Lakini mtu anayekuchoma kwa maneno akiwa amesimama ni mtu. Ukimkuta amelala kwenye mkojo wake hana hata wa kumgeuza, yale maneno unayaweka kando kwanza. Ndivyo alivyojiambia kila asubuhi akipandisha mikono ya gauni. Siku nyingine ilisaidia, siku nyingine haikusaidia.

*

Haikupita wiki, gari likasimama mbele ya kibanda. Wifi akashuka, na nyuma yake mfanyakazi wa ndani amebeba robota la mahameli rangi ya zambarau, kitambaa ambacho Mkasi alikuwa hajapata kukishika ila dukani, na hata huko kwa ncha ya kidole.

"Wifi yangu kipenzi!" Wifi alisema, kana kwamba jikoni kule walikaa watu wengine. "Nimekuletea kazi ya heshima. Seti nzima ya sebuleni. Fremu zangu ni nzima, utavua nguo za zamani, utatoa uchafu wote wa ndani, utavika upya."

"Ufundi je?"

"Ufundi tena! Ndugu kwa ndugu? Ila sponji nakupa pesa kabisa, sitaki ukalipe kwa mfuko wako." Akafungua pochi, akahesabu noti, akazipanga juu ya meza ya kukatia. "Chukua ile nzito, ile ya bei. Baba wa kijana ni mtu wa mwili. Sitaki akae azame kama yuko kwenye tope. Watu kama wale wanakutazama unakalia nini ndipo wanajua wewe ni nani."

Mkasi alizitazama zile noti. Alizihesabu kwa macho, mara mbili. Zilikuwa bei ya godoro zito lenye ngozi ya nailoni.

"Mama yuko macho," alisema taratibu. "Ingia umsalimie. Ni mlango huo tu."

"Nitakuja siku nyingine kwa nafasi. Hii gundi yenu inanipanda kichwani." Wifi alikuwa ameshageuka. Kisha akarudi hatua moja. "Na mishono iwe safi kwa nje, tafadhali. Ya ndani nani anaona? Nje ndiko kwenye macho ya watu."

Gari likaondoka. Mkasi alibaki na mahameli mkononi, akayasugua shavuni. Yalikuwa laini kama sikio la mtoto. Na hapo, akiwa ameyaweka shavuni, wazo likamjia, likakaa, likavua viatu.

Mchana uleule alinunua godoro. Vijana wawili walilibeba kichwani, wakaliingiza, na mama mkwe akalazwa juu yake akiwa ameoshwa na kufungwa kidonda upya. Alipitisha mkono wake mzima juu ya ile nailoni, huku na huko, huku na huko. La zamani lilitolewa uani likaegemezwa ukutani. Lilikuwa na bonde katikati, umbo la mtu, na miduara ya kahawia iliyopandana kama alama za vikombe kwenye meza ya mkahawa.

Mkasi alilianika. Akaligeuza upande wa pili. Akacheka peke yake, akaligeuza tena.

Lilipokauka, alilichuna kitambaa chake, akalilaza kwenye meza, akashika kile kisu kirefu cha kukatia sponji. Alipima kwa uangalifu kuliko alivyowahi kupima kazi ya mtu aliyelipa. Sehemu ya bonde, ile iliyokunywa zaidi, aliikatia mto wa kochi kubwa la katikati, la wageni wakuu. Pembe zilizobaki zikaenda kwenye viti vya pembeni. Kila kipande alikivika nailoni nyembamba, akakifunga, ili kinyamaze kwanza. Hakutaka harufu ije siku ya wageni. Alitaka ije baadaye, polepole, nailoni ikianza kuchanika kwa kukaliwa. Alitaka Wifi anuse pembeni, afukuze paka, afue zulia, amgombeze mfanyakazi, abadilishe mapazia mara nne, asijue inatoka wapi mpaka anaingia kaburini. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yake, na aliifurahia. Usiombe kujua furaha ya mtu aliyenyanyaswa siku anapopata kisu na kitambaa kizuri.

Dirisha la chumba cha mgonjwa lilitazama kibandani. Alipoinua kichwa, alikuta mama mkwe anamtazama kupitia nondo.

"Lina... kwenda wapi?"

Mkasi angeweza kusema linakwenda jalalani.

"Linakwenda kwa mwanao, mama."

Mama mkwe alitazama mahameli ya zambarau. Akatazama sponji. Ilimchukua muda. Kisha akageuza uso ukutani, na mabega yake, yote mawili, zima na bovu, yakatikisika. Mkasi hakujua kama ni kicheko au kilio, wala hakwenda kuuliza.

*

Dereva aliporudi safari akaona godoro, alimpigia dada yake simu hapohapo, akimshukuru kwa kulinunua. "Dada, Mungu akuzidishie. Mama analala kama malkia."

Mkasi alisikiliza huku akichambua nyuzi. Kama Wifi angeuliza, "Godoro gani? Nani kanunua? Kwa pesa ipi?" mambo yote yangefumka palepale. Lakini Wifi hakuwa mtu wa kukataa shukrani inayopita bure.

"Aa, kaka, mama ni mama," alijibu. "Nilifanya kidogo nilichoweza."

Makochi yalipelekwa siku moja kabla ya wageni. Yalikuwa mazuri mno. Hata Mkasi mwenyewe, alipoyaona yamepangwa juu ya vigae, roho ilimuuma kidogo, kama mama aliyemvisha mtoto mwenye upele nguo za sikukuu.

Kesho yake asubuhi simu ikalia.

"Wifi, mleteni mama," Wifi alisema mbio mbio. "Mama wa kijana kanipigia, anataka kumwona bibi wa binti. Anasema ukoo haujulikani bila kumwona bibi. Muda mfupi tu, tupige picha, arudi. Nimetuma gauni na manukato."

"Mama hawezi kukaa muda mrefu, wifi. Mgongo ndiyo kwanza..."

"Nimeshawaambia yupo! Unataka wanione mwongo?"

Dereva alikuwa ameshaanza kutafuta viatu. Alikuwa amefurahi. Mama yake alikuwa hajatoka nje tangu aanguke. Mkasi alisimama katikati ya chumba, akatafuta neno la kuzuia, na kila neno lililomjia lilikuwa na godoro ndani yake. Basi akamwogesha mama mkwe, akamvika, akamfunga pampasi mpya, akabeba na kiti cha plastiki.

Kiti kilikataliwa mlangoni.

"Plastiki sebuleni kwangu, leo?" Wifi alinong'ona kwa meno. "Mketisheni pale katikati, karibu na mgeni. Mama ni wa kuonyeshwa, si wa kufichwa."

Dereva alimbeba mama yake mikononi, akamweka kwenye kochi kubwa. Mkasi aliona mkono mzima wa mama mkwe unapapasa mahameli, kisha unasimama. Mwili uliolala juu ya kitu mwaka mzima unakijua kitu hicho hata kikivaa kitajiri. Yule mama aliinua jicho, akamtafuta Mkasi, akampata amesimama karibu na mlango wa jikoni.

Wageni wakaingia: baba wa kijana, mama wa kijana, na kijana mwenyewe aliyekaa ukingoni mwa kiti kama mtu wa usaili. Binti wa nyumba alileta vinywaji, anatetemeka kwa furaha, glasi zinagongana. Baba wa kijana alikuwa kama alivyosifiwa. Alijishusha kando ya mama mkwe, na mto ukatoa sauti ndefu, *fyuuu*, na ndani yake kitu kikapasuka, *pu*. Mkasi peke yake ndiye aliyejua kimepasuka nini.

Milango ilikuwa imefungwa kwa sababu ya vumbi. Wakaongea habari za masomo ya vijana, habari za kazi, habari za mvua. Baba wa kijana akapandisha mguu juu ya mguu. Akashusha. Akajifuta pua na leso. Mama wa kijana akaacha kutafuna. Kijana akaangalia soli za viatu vyake, kwanza hiki, kisha hiki.

Wifi akaona. Uso wake ulitabasamu huku macho yake yakizunguka chumba chote, yakapita kwa paka aliyelala dirishani, yakapita kwenye zulia, yakafika kwa mama yake na kubaki pale.

"Samahanini sana wageni wangu," akasema, na sauti yake ikawa ya huzuni nzuri, iliyopigwa pasi. "Ni uzee. Mama yetu ndivyo alivyo siku hizi, hajizuii. Sisi wanawe tunajitahidi, juzi tu nimemnunulia godoro jipya kwa mkono wangu huu, lakini huyu wifi yangu anayekaa naye... nilimwambia mbadilishe kabla hamjatoka. Nilimwambia. Kaka, mnyanyue mama, mpeleke huko nyuma. Haraka, jamani, atatuharibia makochi!"

Baba wa kijana alisogea mpaka mwisho wa kochi. Binti wa nyumba aliziba uso na sinia. Dereva aliinama juu ya mama yake, masikio yamemwiva kwa aibu, na bila kutaka, mbele ya watu, akapitisha mkono chini ya gauni la mama yake kupapasa kama kumelowa.

Yule mwanamke alikuwa mkavu. Alikuwa mkavu na mwenye manukato, na alikuwa na akili zake zote. Neno lililotakiwa lilikuwa fupi, hata ulimi wake mzito ungeliweza. Mkasi alilisubiri. Kama angemtaja tu, "Muulizeni yeye," mambo yangekwisha. Lakini mama mkwe alimtazama mke wa mwanawe, yule "seremala," kwa muda mrefu. Kisha akafumba mdomo, akainamisha kichwa, akakubali kuwa ndiye. Chozi lilimshuka upande ule usio na hisia, wala hakujua kama linashuka.

Hapo Mkasi akaingia jikoni. Alitoka na kisu cha kukatia mkate.

"Wifi?" Wifi akasema. "Wifi, una nini? Kaka, mshike mkeo!"

"Mume wangu, mbebe mama," Mkasi alisema. "Na wewe baba mgeni, shikamoo, naomba unipishe kidogo."

Mtu mzito yule alinyanyuka kwa wepesi wa ajabu. Mkasi aligeuza mto, akaingiza ncha ya kisu kwenye mshono wake mwenyewe, mshono aliokuwa ameushona kwa macho yaliyofurahi, na akauchana kutoka pembe hadi pembe. Mahameli yalifunguka kama mdomo. Akaivuta nailoni iliyopasuka, akaitupa. Akainua ile sponji juu kwa mikono miwili, yenye bonde na miduara ya kahawia, ili kila mtu aione.

"Si yeye," alisema. "Mama yetu ni mkavu. Hili ni godoro lake. Mwaka mzima kalala juu ya hili mpaka mgongo umeoza. Nilipoomba jipya nikaambiwa ligeuzeni upande wa pili. Nikageuza. Upande wa pili ni huu hapa. Na pesa iliyomnunulia godoro jipya ni ya sponji za makochi haya, kwa hiyo wifi hajasema uongo, kalinunua kweli kwa mkono wake. Alikuwa hajui tu."

Paka aliruka dirishani akaondoka.

"Umeniua," Wifi alisema, na ile sauti ya pasi ilikuwa imekwisha. "Mchawi wewe. Umenikalishia wageni kwenye... Mahameli yangu! Utalipa mahameli yangu!"

"Na mgongo wa mama atalipa nani?"

"Mbele za watu! Mbele za wakwe wa mwanangu!"

Ndipo mama mkwe, mikononi mwa mwanawe kama mtoto aliyelala njiani, akafungua mdomo. Wote wakanyamaza, maana ilibidi kunyamaza ili kumsikia.

"Nyie," alisema, "mmekaa... kidogo tu." Akavuta pumzi. "Mimi... mwaka."

Mama wa kijana ndiye aliyenyanyuka kwanza. Alimwendea yule mgonjwa, akamshika ule mkono usiohisi, akaubusu. Kisha akamwambia mumewe, "Twende," na kwa Wifi hakusema kitu, hata kwaheri. Kijana alimtazama binti, akamtazama mama yake, akafuata mama yake.

*

Habari ilifika mtaani kabla ya wao kufika nyumbani. Watu walicheka mpaka wakakaa chini, halafu walipokwisha kucheka wakaanza kufikiria makochi yao wenyewe. Wateja wawili walirudi kibandani na mito yao wakitaka ifunguliwe. Mkasi aliifungua, wakanusa, wakaona sponji safi, wakaondoka bila kuomba radhi. Kuanzia hapo ikabidi atie zipu kwenye kila mto, mteja afungue mwenyewe aone cha ndani. Kazi zilipungua hata hivyo. Fundi aliyetia mkojo kwenye mahameli mara moja, nani ataapa kwamba hatarudia?

Binti wa Wifi naye alikuja. Alisimama nje ya kibanda, macho yamevimba.

"Anti, mama yangu ana makosa, najua," alisema. "Lakini mimi nilikukosea nini? Mchumba wangu amesema tusubiri kwanza. Mama yake amesema anaogopa kuzeekea mikononi mwetu."

Mkasi alikuwa na sindano mdomoni. Aliitoa. Alimsogezea kigoda, binti hakukaa. Aliondoka, na Mkasi siku hiyo alishona upande wa kushoto kulia, akafumua, akashona tena.

Kwa Wifi hakujuta. Akijilaza alitafuta hata punje ya huruma kwake, hakuiona. Kilichomrudia ni mkono wa Dereva ukipapasa chini ya gauni, na yule mama akiinamisha kichwa. Alikuwa ameelekeza mkuki kwa mmoja, ukapitia kwanza kwenye nyama ya mwingine.

Asubuhi moja Dereva alivaa viatu, akaenda kwa wapangaji wa mama yake nyumba kwa nyumba, akawaambia kwamba kuanzia sasa kodi italetwa kitandani kwa mwenye vyumba, mkononi mwake. Hakumwuliza dada yake wala mkewe. Na pesa ya kwanza iliyoingia, mama mkwe aliitenga kwa mkono wake mzima: hii pampasi, hii muuguzi, hii dawa. Noti iliyobaki aliisukuma kuelekea kwa Mkasi.

"Ufundi," akasema.

Mwezi ulipoandama, Wifi akaja. Alipita kibandani bila salamu, akaingia chumbani. Mkasi alimwona kupitia nondo za dirisha. Wifi alisimama karibu na kitanda, akaangaza macho kutafuta kiti. Hakukuwa na kiti, wala kigoda, wala ndoo ya kupindua akalie. Mkasi alikuwa ameshavitoa vyote, na kila aliyekuja kumwona mgonjwa aliambiwa vilevile: anayekuja kumwona mama akae pale mama anapolala.

Wifi alinyoosha mkono, akabonyeza godoro kwa vidole viwili. Akavipeleka puani.

"Kavu?" mama yake akamwuliza.

"Kavu, mama."

"Basi... kaa."

Wifi alikusanya gauni lake. Akalishika kwa mikono miwili, akaliinua juu kidogo, kama mtu anayetaka kuvuka maji machafu. Mkasi aliacha kushona. Cherehani ikanyamaza, na mtaa mzima ukawa kama unasubiri.

Akabaki amesimama hivyohivyo, ameshika gauni. Na mama yake, aliyekuwa na muda wote duniani, akamtazama tu, akingoja akae.